Njuga Ndani ya Soksi

Mara ya kwanza nilipocheza Lilongwe nilinuka usipa. Usipa ni dagaa wa Ziwa Malawi, na kiroba cha usipa mkavu hakihitaji kufunguliwa ili kijitambulishe. Nilipanda minibasi pale njia panda ya Dowa. Konda alinipokonya begi, "Katundu kumbuyo!", mizigo nyuma, akalisukuma chini ya viroba vya mama mmoja aliyekuwa anawahi soko. Ilikuwa Novemba, mvua zimeanza kujaribu, na mlango wa nyuma wa gari ulishikwa na kamba ya mpira tu. Nilipofungua begi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, sketi yangu ya rafia ilikuwa imelowa, imejikunja kama ufagio uliosahauliwa uani. Nikaivaa. Ningefanyaje? Wenzangu walionifuata mstarini walicheka mpaka wakapotea hatua, na mtoto mmoja wa safu ya mbele alimnong'oneza mama yake neno la Kichewa ambalo nilijifanya silijui.

Hiyo ilikuwa 2013. Siku hizi wasichana wa kikundi chetu cha ngoma, safari ikikaribia, huniletea mabegi yao niyakague kama mtu wa forodha. Wananiita Yaya Mizigo, yaani dada mkubwa wa mizigo. Naomba nieleze nilivyofika hapo, maana aliyenijua zamani hawezi kuamini.

Kosa la siku ile halikuwa usipa. Kosa lilikuwa begi lenyewe. Lilikuwa la nailoni, la mistari ya bluu na nyekundu, lile ambalo Watanzania wamelipa jina la shangazi kaja, na lilikuwa limejaa hadi zipu inalia. Tulikuwa tunakwenda kilomita 40 na ushei, tucheze jioni, tulale usiku mmoja kwenye ukumbi wa kanisa, asubuhi turudi Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi. Ndani nilikuwa na blanketi, sufuria ndogo, sahani mbili, chumvi kwenye kikopo, cheti changu cha shule ya msingi ya Uvira, picha saba, kadi ya mgao ya familia nzima na sweta la marehemu baba. Rafia niliishindilia juu kabisa kwa nguvu ya goti. Vazi la kuchezea, kitu pekee nilichoitiwa Lilongwe, ndicho kilichokosa nafasi.

Mzee wetu wa ngoma, Mrundi, mtu wa maneno machache, alisimama akilitazama lile begi likishushwa na watu wawili.

"Binti yangu," akasema, "unahama?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo.

Tuliondoka Uvira, mashariki ya Kongo, 2009, mwaka wa operesheni ya kijeshi ya Kimia II, nikiwa na miaka 14. Mama alimpa kila mtoto mfuko mmoja na amri moja: sufuria kwanza. Kwa hesabu zake, mwenye sufuria haombi chakula, anaomba unga tu, na unga huombeka. Tukavuka ziwa usiku hadi Kigoma, mabasi hadi Mbeya, daraja la Songwe, Karonga, halafu lori hadi Dzaleka, wilaya ya Dowa. Kila kituo kilitunyang'anya kitu. Kigoma kilibaki kikwembe cha harusi cha mama, Mbeya viatu vya kaka yangu, Karonga redio. Sufuria ilifika.

Dzaleka palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Jina lenyewe, wenyeji husema, limetoka kwenye kiapo cha mtu aliyekomeshwa: nitaacha, sirudii tena. Kambi ilifunguliwa 1994 kwa watu 10,000 au 12,000. Leo tumepita 50,000, Wakongo wengi, Warundi, Wanyarwanda, na Wasomali na Wahabeshi kidogo, wote tukisikilizana kwa Kiswahili sokoni. Katika nyumba yetu ya matofali ya udongo begi langu lilikaa mlangoni, limefungwa. Kila jioni nililigusa kwa mguu kuhakikisha lipo. Nikitoka kwenda popote, hata Dowa mjini kwa saa mbili, nililibeba. Kwangu begi lilikuwa na kazi moja tu duniani, na kazi hiyo si kurudi.

Nilijifunza kufunga mizigo kwa kuanzia na ngoma, si nguo. Ngoma ya Burundi huchongwa kwenye gogo zima na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Mwanamume mwenye shingo nzuri huibeba kichwani huku anaipiga, lakini kilomita 40 si uwanja wa tamasha. Na ngoma hizi hazipangwi shufwa. Idadi yake huwa witiri, zinakaa nusu duara kuizunguka ile ya katikati, inkiranya, inayozipa nyingine amri: amashakwe zikishika mapigo bila kukatika, ibishikizo zikiifuata inkiranya. UNESCO ilipoziingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014 iliutaja utaratibu huohuo wa witiri, lakini haikutaja tatizo la usafiri linaloletwa nao. Matola, yaani pikapu ya kukodi, ikiweza kubeba ngoma nane sisi tunapakia saba, na ya nane inabaki inatutazama. Dereva anadhani tumelidharau gari lake.

Mzee hakuruhusu begi lolote juu ya ngozi ya ngoma. Ngozi ikibonyea inaimba vibaya, na ikilowa haiimbi kabisa mpaka ianikwe. Kwa hiyo mabegi yalipata nafasi ile tu iliyobaki kati ya ngoma na ngoma, nafasi ya umbo la ajabu, nyembamba huku, pana kule. Shangazi kaja langu halikuingia. Ndipo nilipopelekwa minibasini, kwenye usipa.

Kwa hiyo onyo nilishalipata. Ila onyo halibadilishi mtu. Miaka kadhaa zaidi nilibeba vilevile, nikigombana na kila dereva.

Kilichonibadilisha ni mgeni. Mwaka 2014 Trésor Nzengu Mpauni, mshairi wa Lubumbashi ambaye naye alikuwa mkimbizi Dzaleka na jukwaani anaitwa Menes la Plume, alianzisha Tamasha la Tumaini hapahapa kambini. Tangu hapo mambo yaligeuka: badala ya sisi tu kwenda mjini kuonekana, watu wa mjini wakaanza kupanda magari kuja kwetu na mabegi yao. Ulipoingia mpango wa wageni kulala kwenye nyumba za wakimbizi, mama aliandikisha ya kwetu. Tukapewa mchezaji dansi kutoka Blantyre.

Alikuja na begi dogo kama la mtoto wa shule. Mama alimhurumia, akidhani ameibiwa njiani. Aliniuliza pembeni kama tumkopeshe kikwembe cha kulalia. Usiku dada yule akatandaza vitu vyake kwenye mkeka, na mimi nikakaa nikimwangalia kama ninavyoangalia hatua mpya. Vazi la kuchezea lilikuwa ndani ya foronya ya mto, limeviringishwa, halikukunjwa. Njuga zilikuwa ndani ya soksi nene, kila mguu soksi yake, hazikutoa hata mlio mmoja alipozitoa. Kibweta cha sabuni kilikuwa na sindano, uzi mweusi na mweupe, pini za usalama, kipande cha lastiki. Kandambili. Mafuta ya kupaka nyayo. Chitenje kimoja. Basi. Nusu ya begi ilikuwa tupu.

"Na huku, dada?" nilimuuliza, nikionyesha utupu ule.

"Huku ni kwa ajili ya kurudi," alisema. "Nguo ya jasho haikunjiki ikawa ndogo kama kavu. Halafu watu hukupa vitu. Mama yako hatakubali niondoke mikono mitupu, au nimekosea?"

Hakukosea. Aliondoka na karanga za Dowa na kikwembe, kile alichokuwa akopeshwe.

Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufunga begi akiiwaza safari ya kurudi. Usiku ule, alipokwisha lala, nililifungua la mlangoni nikatoa sufuria, nikaipachika jikoni kwenye msumari. Asubuhi mama aliikuta, akaigeuzageuza, akachemshia chai. Hakusema kitu, nami sikusema.

Cheti na picha vilichukua miezi mingine. Sweta la baba sijalitoa mpaka leo. Limehamia tu begi jingine ambalo halisafiri.

Sasa nieleze ninavyofunga, kwa kuwa ndicho mnachoniulizia. Karatasi hazikai begini. Mkimbizi wa Malawi haruhusiwi kuishi nje ya kambi na hutoka kwa kibali. Kikundi kinapokwenda Lilongwe, barua ya ruhusa na orodha ya majina vinakaa kifuani kwa mtu mmoja, kwenye kifuko cha kitambaa chini ya blauzi, na nakala kifuani kwa mwingine anayepanda gari jingine. Begi linaweza kwenda kumbuyo, karatasi haziendi. Nimeona mtu mzima akipekua boksi la viatu kwenye kizuizi cha barabarani huku gari zima limesubiri, na jasho lile halikuwa la dansi.

Vazi halisafiri peke yake, wala halisafiri na mwenyewe tu. Hili nililibuni baada ya begi moja kupotea kituoni Lilongwe na msichana wetu kucheza na sare ya shule. Sketi yangu inakuwa kwa mwenzangu, ya kwake kwangu, njuga za wote wawili kwa wa tatu. Begi likipotea, kila mmoja anakosa kitu kidogo, hakuna anayekosa kila kitu, na kwa pini sita na kipande cha kitenge hadhira haijui lolote. Wasichana hawapendi mpango huu. Wanasema wenzao hawaoshi njuga. Wataoshana.

Rafia haikunjwi. Inasukwa mkia mmoja mlegevu kama nywele za kulalia, inaingizwa foronyani, na inapakiwa mwisho kabisa ili ishuke kwanza na kutikiswa. Ikilowa, isianikwe kwenye jua kali, itakatika. Kivuli na upepo vinaitosha. Vazi la jasho lisilale usiku ndani ya begi lililofungwa. Tukitoka Lilongwe usiku tunaning'iniza mavazi kwenye mabomba ya matola, na tukipita Lumbadzi, karibu na uwanja wa ndege, tunaonekana kama wapiganaji wa taifa moja lisilo na jina. Kandambili usiziache nyumbani kwa kuwa unacheza pekupeku. Sakafu ya saruji iliyopigwa na jua la Oktoba imewahi kunifundisha hatua ambazo hazimo kwenye ngoma yoyote.

Na kitenge. Uvira tuliita kikwembe, Kigoma nilisikia kitenge, hapa ni chitenje, kitu kilekile. Nikiambiwa nichague kimoja tu ningechagua hicho. Ni shuka, ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo wenzako wawili wakishika ncha, ni kata ya kichwani ngoma isikuchune, ni mbeleko kwa wenye watoto. Naongeza: ni nguo ya heshima ukialikwa chakula na mzee wa kijiji bila kutarajia, jambo linalotokea mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Ndege nimepanda mara moja, kwenda Nairobi na kurudi, mwaka 2018. Nusu ya kikundi hawakupata karatasi kwa wakati. Waliobaki tulikuwa watano, witiri, Mzee akasema Mungu amehesabu. Tiketi ilituruhusu begi moja la kilo 23 kila mtu. Tulikwenda sokoni kwa muuza mahindi, akatuning'inizia mabegi kwenye mizani yake ya ndoano mbele ya wateja, na soko zima likajua nani kabeba nini. Ngoma hazikuwa na mjadala. Mzee alibeba fimbo zake tu, imirisho, akapigia ngoma za kuazima, na alirudi akizilalamikia ngoma zile kwa mwezi mzima kama mtu aliyelala kitanda cha wakwe.

Mambo mawili niliyajifunza huko. Unga mweupe wa kujipaka usoni, ukiwa kwenye mfuko usio na maandishi, utakuchelewesha mbele ya mtu wa ukaguzi mwenye sura ya kazi. Uwe kwenye kopo lake lenye jina. La pili lilikuwa aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimefunika mavazi yote kwa mifuko ya plastiki, nikijisifu kwa akili. Kenya ilikuwa imeipiga marufuku tangu Agosti 2017, Rwanda walishafanya hivyo 2008, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Nikavua plastiki moja moja uwanjani, mavazi yakabaki wazi mikononi mwangu kama kuku waliochinjwa. Foronya ya dada wa Blantyre haikuwahi kukatazwa na serikali yoyote.

Sitaki msomaji afikiri nilibadilika mara moja nikabaki hivyo. Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wanaishi mijini warudi Dzaleka, na Mei wakaanza kuletwa. Nilikuwa naelekea bombani magari yalipoingia. Watu niliowajua, wenye maduka Lilongwe, waliokuwa wananunua tiketi za maonyesho yetu, wakashuka na walichoweza kushika. Mwanamume alishuka na mizani ya duka bila mawe yake. Mtoto alibeba mto wa kochi. Mwanamke mmoja alikuwa na sufuria, imejaa viatu vya watoto, na nilipomwona nilirudi nyumbani bila maji.

Usiku huo nilijaza begi. Blanketi, chumvi, cheti, picha. Nilijua ni upuuzi. Nilikuwa tayari nipo Dzaleka, ningerudishwa wapi? Mikono haikunisikiliza. Niliposhusha sufuria kwenye msumari mama aliniita kutoka gizani, akaniuliza tu chai ya asubuhi itachemshiwa kwenye nini. Nikairudisha. Vingine vilikaa begini wiki tano, mpaka kikundi kikapata onyesho, na begi la maana nilikuwa na lile moja tu. Ikabidi kitu kitoke ili rafia iingie.

Mwaka jana msichana wetu mmoja alipata safari ya Kanada, yeye na wazazi wake, moja kwa moja. Alizaliwa hapa, wazazi Warundi. Ndiye aliyemlainisha Mzee mpaka akamruhusu kushika fimbo, jambo ambalo Mzee alilipinga kwa miaka, na ambalo huko Burundi amri ya rais ya 2017 inalikataza: wanawake wacheze, wasipige. Alinijia jioni na begi tupu.

"Yaya, hili la kwenda tu, unalifungaje?"

Sikuwa na jibu. Ujuzi wangu wote ni wa kwenda na kurudi. Tukalifunga kwa kubahatisha. Niliweka nguo za baridi alizopewa, vyeti nikamwambia avivae kifuani, rafia sikumruhusu kwa sababu ya ukaguzi wa vitu vya mimea mipakani, akalia kidogo. Njuga ndani ya soksi. Imirisho mbili, katikati ya suruali, zisigongane. Mama yake akaleta sufuria kubwa ya ugali, ya aluminiamu, akaiweka juu bila kuuliza mtu, na mama yangu, aliyekuwa amekuja kuaga, akatikisa kichwa kumuunga mkono.

Tukalipeleka kwa muuza mahindi. Mizani ikasimama kwenye 25 na nusu.

Watu wanne wakanitazama. Nilifungua zipu, nikapitisha mkono juu ya soksi, juu ya suruali, nikazigusa zile fimbo. Kisha nikaitoa sufuria. Mama yake msichana alifunua mdomo akaufumba. Mama yangu ndiye aliyenipokea, akaiinua sufuria kuelekea kwenye jua, akafumba jicho moja, akiangalia kama ina tundu.